Kusomea Bayolojia na Mazingira: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuchagua Kozi

Kila mwaka matokeo ya KCSE yanapotangazwa, familia nyingi katika Kaunti ya Kwale hukutana na swali moja. Mtoto amefanya vizuri katika Bayolojia, anapenda habari za misitu na bahari, sasa asomee nini chuo kikuu? Mjomba anashauri bayolojia. Jirani anasema kazi siku hizi ziko kwenye mazingira. Mwanafunzi mwenyewe huenda anayataka yote mawili.

Masomo haya mawili yanafaa kwenda pamoja, na kaunti ina kazi nyingi zinazohitaji mtu anayeyajua yote mawili. Hata hivyo, katika vyuo vingi vya Kenya mwanafunzi hupewa nafasi katika kozi moja yenye jina moja, na jina hilo ndilo litakaloandikwa kwenye cheti. Baadaye waajiri na bodi za usajili husoma jina hilo kabla ya kusikiliza maelezo yoyote. Ndiyo maana inafaa kujua mapema kila somo linafundisha nini, yanavyoweza kuunganishwa, na mlango upi hufunguliwa na cheti kipi.

TOFAUTI YA MASOMO HAYA

Bayolojia huanza na kiumbe. Huuliza mmea, mnyama au kijidudu kimeumbwaje, kinakulaje, kinazaaje, kinaugua nini na kinarithisha nini kwa kizazi kinachofuata. Mwanafunzi hutumia muda mwingi maabarani, mbele ya darubini, na kwenye hesabu za takwimu.

Sayansi ya mazingira huanza na mahali. Huuliza maji yanatoka wapi na yanaelekea wapi, udongo unabeba nini, hewa imechafuliwa na nani, na sheria inasemaje. Somo hili huazima kutoka kwa kemia, jiografia, uchumi na sheria. Mwanafunzi wake hujifunza kupima maji ya mto, kuchora ramani kwa kompyuta, na kutathmini athari za mradi kabla haujajengwa.

Masomo haya hukutana kwenye ikolojia, yaani elimu ya uhusiano kati ya viumbe na mahali wanapoishi. Mifano miwili ya hapa Kwale inaonyesha kwa nini mkutano huo una maana kwa mkaazi wa kawaida.

MFANO WA KICHOCHO

Kwale ni miongoni mwa maeneo ya Pwani ambako watafiti wamechunguza ugonjwa wa kichocho kwa miongo mingi. Wazazi wengi wanaujua kwa dalili yake kuu, mtoto kukojoa damu.

Mtaalamu wa bayolojia anaeleza safari ya mnyoo. Mayai yake hutoka na mkojo wa mgonjwa. Yakifika kwenye maji baridi huanguliwa, na viluwiluwi vyake huingia ndani ya konokono wa aina maalumu. Humo huongezeka kwa wiki kadhaa, kisha hutoka wakiwa na umbo jingine na kuelea majini. Mtu akiingia kuoga, kufua au kuchota maji, hutoboa ngozi yake bila yeye kuhisi. Mwishowe minyoo hukomaa kwenye mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu, na mzunguko huanza upya. Dawa iitwayo prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa mwilini.

Hata hivyo, mtoto anayepewa dawa Jumatatu na kurudi kuogelea kwenye bwawa lile lile Jumamosi anaweza kuambukizwa tena. Dawa haigusi konokono aliye bwawani wala mkojo wa mtu mwingine unaoingia majini. Hapo ndipo linaanza swali la mazingira. Konokono hao hupenda maji yaliyotulia au yanayokwenda polepole, yenye majani. Je, bwawa lina majani kiasi gani? Choo cha karibu kiko wapi? Kuna bomba la maji safi ambalo akina mama wangeweza kutumia badala ya bwawa? Bwawa lenyewe haliwezi kukaushwa, kwa sababu mifugo ya Kinango inalitegemea wakati wa kiangazi.

Mtu aliyesoma upande mmoja tu ataona nusu ya tatizo. Aliyesoma pande zote mbili atapanga dawa, vyoo, bomba na usafishaji wa majani kama kazi moja, na ataweza kueleza mzee wa kijiji kwa nini vyote vinne vinahitajika.

MFANO WA MIKOKO YA GAZI

Mfano wa pili uko Msambweni, kwenye ghuba ya Gazi. Wakaazi wa Gazi na Makongeni wamekuwa wakilinda msitu wa mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza kaboni mwaka 2013. Eneo la mradi ni takribani hekta 117. Mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mapato yake yamesaidia huduma za maji na shule za vijiji hivyo viwili. Baadaye jamii za Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, zilianzisha mradi kama huo katika eneo lenye ukubwa wa zaidi ya hekta 400.

Mvuvi wa Gazi anajua kwamba mlilana hukaa upande wa bahari, na kwamba mchu, mkandaa, muia na mkoko kila mmoja una mahali pake. Bayolojia inaeleza sababu. Mchu husukuma mizizi midogo juu ya matope ili ipate hewa, na majani yake hutoa chumvi. Mkoko hujishikilia kwa mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui, na mbegu yake huanza kuota ingali juu ya mti, ili ikianguka matopeni iwe tayari kushika. Anayepanda miche ya aina moja mahali panapostahili aina nyingine, mara nyingi hurudi na kukuta imekufa.

Kuuza kaboni, hata hivyo, kunahitaji zaidi ya kuijua miti. Lazima msitu upimwe. Wapimaji hutenga vipande vya msitu, hupima unene wa kila shina kwenye kimo cha mita 1.3, kisha hutumia hesabu kukadiria uzito wa mti na kaboni iliyomo. Huchimba pia udongo, kwa sababu sehemu kubwa ya kaboni ya msitu wa mikoko imehifadhiwa matopeni. Baada ya hapo huja sheria, mikataba, haki za jamii juu ya msitu, na soko la nje ya nchi.

Suala hili ni la fedha za wananchi. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2023, inataka mradi wa kaboni ulio kwenye ardhi ya umma au ya jamii uwe na mkataba wa maendeleo ya jamii. Kwa miradi inayotegemea ardhi, jamii inapaswa kupata kila mwaka mchango usiopungua asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Serikali ya kitaifa na serikali ya kaunti husika zimepewa jukumu la kusimamia majadiliano ya mkataba huo.

Asilimia 40 ya nini? Jibu linategemea tani zilizopimwa. Kijiji ambacho hakina mtu wake wa kusoma ripoti ya vipimo hakiwezi kujua kama hesabu ni sahihi. Kijana wa Vanga au Kinondo anayeweza kuingia matopeni na utepe wa kupimia, kisha kuketi mezani na kusoma mkataba, ana thamani kubwa kwa watu wake. Huyo ndiye mtu ambaye masomo haya mawili yakiunganishwa yanaweza kumtoa.

WANGARI MAATHAI ALISOMEA NINI?

Wakenya wengi wanamkumbuka Profesa Wangari Maathai kama mwanamazingira. Kwenye vyeti vyake, yeye alikuwa mtu wa bayolojia. Alikwenda Marekani mwaka 1960 na kuhitimu shahada ya kwanza mwaka 1964 katika chuo cha Mount St. Scholastica, jimbo la Kansas, akiwa amesomea bayolojia. Baadaye alipata shahada ya uzamili katika sayansi ya viumbe kutoka Chuo Kikuu cha Pittsburgh, na mwaka 1971 akapata uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako alifundisha anatomia ya mifugo.

Alieleza baadaye kwamba alipokuwa akikusanya kupe mashambani kwa ajili ya utafiti wa ugonjwa wa ng'ombe, aliona mito imejaa udongo na ng'ombe wamekonda kwa kukosa malisho. Alianza kuona kwamba ng'ombe walikuwa na adui mkubwa kuliko kupe, nayo ni ardhi iliyoharibika. Mwaka 1977 alianzisha Vuguvugu la Green Belt, na mwaka 2004 akapata Tuzo ya Amani ya Nobel.

Historia yake inawafaa wanafunzi wanaohofia kwamba wakichagua bayolojia wameyaacha mazingira. Mtu anaweza kuingia kupitia mlango mmoja na kufanya kazi ya pande zote mbili, mradi msingi wake wa sayansi ni imara na yuko tayari kuendelea kusoma.

NJIA ZA KUUNGANISHA MASOMO HAYA

Katika vyuo vingi vya Marekani mwanafunzi anaweza kuwa na masomo makuu mawili ndani ya shahada moja ya miaka minne. Kozi zinazofanana, kama vile kemia, takwimu na ikolojia, huhesabiwa pande zote mbili, na kwa kawaida mwanafunzi hatakiwi kuamua siku ya kwanza. Anayepata ufadhili wa kwenda huko anapaswa kuuliza utaratibu huo mapema. Hapa Kenya mwanafunzi huomba kozi mahususi kabla ya kuingia chuoni. Ili kupata masomo yote mawili, kuna njia nne.

Njia ya kwanza ni kuchagua shahada ambayo tayari imeyachanganya. Mifano ni shahada za uhifadhi wa viumbe, usimamizi wa wanyamapori, biolojia ya bahari na uvuvi, au usimamizi wa maliasili. Kwa mkaazi wa Pwani, Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi ni mojawapo ya vyuo vya kuulizia masomo ya bahari na mazingira.

Njia ya pili ni kusomea shahada ya bayolojia na kuchagua masomo ya hiari yanayohusu mazingira, kisha kufanya mradi wa mwaka wa nne kuhusu jambo la mazingira. Mradi kuhusu konokono wa kichocho katika mabwawa ya Kinango, kwa mfano, ni bayolojia na mazingira kwa pamoja.

Njia ya tatu ni kuanza na shahada ya sayansi ya mazingira, huku mwanafunzi akihakikisha kwamba amechukua masomo ya kutosha ya mimea, wanyama na viumbe vidogo. Hapa kuna tahadhari. Baadhi ya shahada zenye neno "mazingira" huegemea zaidi mipango, elimu ya jamii au sera, na zina maabara kidogo. Orodha ya masomo ya kila mwaka ndiyo inayoonyesha ukweli, kuliko jina la kozi.

Njia ya nne ni kusoma kwa awamu: shahada ya kwanza katika somo moja na uzamili katika jingine. Njia hii huchukua muda mrefu na gharama zaidi, lakini huenda ikawa rahisi kwa mtu ambaye tayari ameajiriwa.

Aliyekosa alama ya kuingia chuo kikuu hajafungiwa. Anaweza kuanza na stashahada, ambayo kwa kawaida huhitaji wastani wa C-. Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori iliyoko Naivasha hutoa mafunzo ya ngazi hiyo kuhusu wanyamapori, na Chuo cha Misitu cha Londiani hutoa mafunzo ya misitu. Baada ya stashahada na uzoefu wa kazi, wengi huendelea hadi shahada.

DARASANI HALI IKOJE?

Kozi hizi huchukua miaka minne. Mwaka wa kwanza huwa na misingi: seli, mimea, wanyama, kemia, hesabu na mawasiliano. Mwaka wa pili huleta jenetiki, viumbe vidogo, udongo na ikolojia. Mwaka wa tatu ndipo mazingira hushika kasi kwa tathmini ya athari za miradi, sheria, ramani za kompyuta na usimamizi wa maji na taka. Kati ya mwaka wa tatu na wa nne mwanafunzi huenda kwa mafunzo ya kazini, ambayo wenyewe huyaita atachimenti. Mwaka wa nne hufanya utafiti wake na kuuandika. Mpangilio hutofautiana kutoka chuo kimoja hadi kingine.

Jambo moja huwashangaza wengi. Anayependa wanyama na miti huingia akitarajia kuwa msituni kila siku, kisha anakuta kemia na takwimu zikimsubiri. Masomo hayo mawili hayaepukiki. Maji yenye sumu hayatambuliki kwa macho, na hakuna anayeweza kusema samaki wamepungua bila kuhesabu na kulinganisha. Mwanafunzi wa sekondari anayepuuza Hisabati kwa sababu "anaenda kusomea miti" anajifungia njia mwenyewe.

Kwa wanafunzi wa mtaala wa CBE, uamuzi huja mapema zaidi. Anayelenga masomo haya anapaswa kuchagua mkondo wa STEM anapoingia sekondari ya juu, na kuhakikisha shule aliyopangiwa inafundisha Bayolojia na Kemia.

ALAMA, NAFASI NA FEDHA

Wastani wa chini wa kujiunga na shahada kupitia KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, ni C+. Kufikia wastani huo pekee hakutoshi. Kila kozi ina masomo manne ya klasta, na alama za klasta huhesabiwa kati ya 48. Kozi nyingi za sayansi pia huweka alama ya chini katika masomo kama Bayolojia na Kemia. Alama ya mwisho ya kuingia kozi hupanda au kushuka mwaka hadi mwaka kulingana na waombaji, kwa hivyo alama ya mwaka jana ni mwongozo tu.

Kupata nafasi na kupata fedha ni mambo mawili tofauti. Mwanafunzi akishapangiwa chuo, lazima aombe mwenyewe ufadhili na mkopo wa serikali kuu. Mkopo wa HELB ni deni linalorudishwa na riba. Basari zinazotolewa kupitia kaunti na maeneo bunge hufuata bajeti, na huwa na muda maalumu wa kuombwa. Anayekosa tarehe hukosa, hata kama anastahili.

Mzazi anapopanga bajeti asihesabu karo peke yake. Kozi hizi zina koti la maabara, viatu vya matopeni, nauli za ziara za nyanjani, na miezi ya atachimenti ambayo mara nyingi haina malipo. Mwanafunzi anayefanya atachimenti karibu na nyumbani huokoa kodi ya chumba. Hapa Kwale, pwani, misitu ya kaya, mbuga ya Shimba Hills na miradi ya maji ni madarasa tosha. Shimba Hills ndipo palahala wanapopatikana nchini Kenya, na misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2008.

KAZI NA MITEGO YA CHETI

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti majukumu mengi yanayohusu masomo haya: kilimo na uvuvi, ukusanyaji wa taka, huduma za maji, afya, na kutekeleza sera za kitaifa za uhifadhi wa udongo, maji na misitu. Mbali na kaunti, kuna taasisi za kitaifa kama NEMA inayosimamia mazingira, shirika la wanyamapori KWS, shirika la misitu KFS, KMFRI inayotafiti bahari na uvuvi, na KEMRI inayotafiti magonjwa ya binadamu. Yapo pia mashirika ya kijamii, hoteli, viwanda na wakulima wakubwa. Hakuna cheti kinachohakikisha ajira, na nafasi za serikali hujazwa kwa ushindani baada ya kutangazwa. Kuna mitego mitatu ambayo familia zinapaswa kuijua kabla ya kulipa karo ya kwanza.

Mtego wa kwanza ni ualimu. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, husajili mwalimu wa sekondari mwenye masomo mawili ya kufundisha, na humtaka awe na C+ kwa jumla na C+ katika masomo hayo mawili kwenye KCSE. Sayansi ya mazingira si somo la KCSE. Anayetaka kuweka mlango wa ualimu wazi asomee shahada ya elimu akiwa na Bayolojia pamoja na somo kama Kemia, Kilimo au Jiografia, au ajue kwamba atahitaji mafunzo ya ualimu baada ya shahada yake.

Mtego wa pili ni hospitali. Shahada ya bayolojia haimruhusu mtu kupima damu za wagonjwa. Wataalamu wa maabara za matibabu wana kozi yao na bodi yao ya usajili. Maafisa wa afya ya umma nao wana baraza lao. Anayelenga hospitali achague kozi hizo moja kwa moja.

Mtego wa tatu ni ripoti za mazingira. Kila mradi mkubwa, iwe ni hoteli ya Diani, machimbo ya mawe au barabara, huhitaji tathmini ya athari kwa mazingira. Lakini kuwa na shahada ya mazingira hakumpi mtu ruhusa ya kutia sahihi ripoti hiyo. NEMA husajili wataalamu katika ngazi mbili, mtaalamu mshirika na mtaalamu kiongozi, na leseni huhuishwa kila mwaka. Mhitimu huanza kama mshirika chini ya aliyemtangulia. Anayeingia chuoni akilijua hilo huchagua mapema masomo ya tathmini na kutafuta atachimenti inayomsogeza huko.

MASWALI YA KUULIZA CHUO KABLA YA KUKUBALI NAFASI

1. Je, kozi hii imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu?
2. Orodha ya masomo ya miaka yote minne ni ipi, na ni mangapi kati yake yana maabara au kazi ya nyanjani?
3. Mwanafunzi anaweza kuchukua masomo ya hiari kutoka idara nyingine? Mangapi?
4. Atachimenti ni ya muda gani, na chuo husaidia kutafuta nafasi?
5. Wahitimu wa kozi hii husajiliwa na bodi gani, ikiwa ipo?
6. Mbali na karo, mwanafunzi hulipia nini kwa ziara na vifaa?

Chuo kinachojibu maswali haya kwa maandishi ni bora kuliko kinachojibu kwa ahadi.

KWA MKAAZI AMBAYE HAENDI CHUO

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Haki hiyo haisubiri shahada. Ripoti za tathmini ya miradi mikubwa hutangazwa ili umma utoe maoni, na mikutano ya mikataba ya kaboni iko wazi kwa wanajamii. Mkaazi ana haki ya kuuliza vipimo vilifanywa lini, na nani, na kwa njia gani. Kikundi cha vijana au cha akina mama kinaweza kumwalika mwanafunzi wa chuo aliye likizoni akisome ripoti pamoja nao kabla ya kwenda mkutanoni.

Wanafunzi wanaosubiri kuchagua kozi, pamoja na wazazi wao, wanashauriwa kwanza kuzungumza na mwalimu wa ushauri nasaha wa shule waliyosoma, ambaye anaweza kuwasaidia kuhesabu alama za klasta. Taarifa za basari na tarehe zake hutolewa kupitia ofisi za wadi na machifu. Ombi la KUCCPS lijazwe na mwanafunzi mwenyewe, kwa namba yake ya simu na nywila yake, kwa sababu marekebisho yoyote ya baadaye hupitia humo. Na kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho, asome tena jina la kozi, neno kwa neno.